Kihoro na Kotisoli

Pwani, mtu akifa ghafla siku chache baada ya kumzika mwanawe, majirani hawahitaji maelezo marefu: amekufa kwa kihoro. Kwa miaka mingi kauli hiyo ilihesabiwa kuwa lugha ya msibani tu, haina nafasi kwenye cheti cha daktari. Kisha mwaka 1990 madaktari wa Hiroshima, Japani, wakaandika habari za wagonjwa waliofika hospitali na dalili zote za shambulio la moyo: kifua kinabana, pumzi haitoshi, kipimo cha umeme wa moyo kimevurugika. Mishipa ya damu ya moyo ilipochunguzwa ilikutwa wazi, hakuna donge lililoiziba. Kilichoharibika ni umbo la moyo wenyewe. Sehemu ya chini ya chumba cha kushoto ilikuwa imetuna na haisukumi damu, huku shingo yake ikibaki nyembamba, kwa sura ya chungu ambacho wavuvi wa Japani hukizamisha baharini kunasia pweza. Chungu hicho huitwa takotsubo, na ugonjwa ukachukua jina hilo.

Wengi wa wagonjwa hao ni wanawake waliokwisha koma hedhi, na si wachache wametoka kupokea habari ya kifo, au kugombana, au kunusurika katika maafa. Tetemeko la ardhi lilipoikumba Niigata Oktoba 2004, wagonjwa wa aina hii waliongezeka ghafla katika maeneo yaliyo karibu na kitovu chake. Mwaka uliofuata madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walipima damu ya wagonjwa 19 na kukuta homoni ya adrenalini na jamaa zake mara mbili hadi tatu ya kiwango cha watu wenye shambulio la moyo la kawaida lililo kali. Furaha nayo imo. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliopatwa kwa sababu ya mshtuko wa hisia, takriban 4 kwa kila 100 walikuwa wametoka kwenye harusi, siku ya kuzaliwa au jambo jingine la kheri. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Wachache hufa.

Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili hutamani kupiga kifua: wahenga walijua! Mimi nasita. Wahenga waliona kifo na kilichokitangulia. Njia iliyopita katikati hawakuiona, wala hawakudai kuiona. Tiba ya kale ya Kichina nayo ilifundisha kwamba hofu huumiza figo, na ni kweli kwamba tezi za adrenali zimekaa juu ya figo. Lakini mafundisho hayohayo yanasema huzuni huumiza mapafu, na juu ya pafu hakuna tezi yoyote ya huzuni. Mambo kulingana kwa bahati si ushahidi. Linalofaa kulinganishwa ni jambo jingine. Kila jadi iliyowahi kushughulika na hofu imelazimika kujibu swali moja: ikishawaka mwilini, huzimwa na nini, au na nani? Majibu yanatofautiana sana, na leo kemia ya ubongo inaturuhusu kuyapima.

Habari ya hatari ikifika, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala huiarifu sehemu nyingine, haipothalamasi, na amri hutoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya neva. Inashuka kwenye uti wa mgongo hadi tezi za adrenali, na ndani ya sekunde chache adrenalini imo kwenye damu: moyo unakwenda mbio, mboni zinapanuka, ini linatoa akiba yake ya sukari, tumbo linasimamisha kazi. Wakati huohuo kiini kidogo katika shina la ubongo hueneza noradrenalini ubongoni kote, na mtu hawezi tena kuwaza jingine. Njia ya pili ni ya polepole. Haipothalamasi hutoa kemikali ambayo Wylie Vale na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, waliitenga kutoka bongo za kondoo mwaka 1981, baada ya wataalamu kuisaka kwa takriban miaka 25. Kemikali hiyo huiamsha tezi ya pituitari, pituitari ikapeleka ujumbe kwa adrenali kupitia damu, na adrenali zikatoa kotisoli, ambayo hufikia kilele baada ya kama nusu saa.

Kotisoli inasemwa vibaya kila mahali, na husahaulika kwamba ndiyo inayofunga kazi. Ikishatosha inarudi ubongoni, kwenye haipothalamasi na kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, ambako Bruce McEwen alionyesha mwaka 1968 kwamba bongo za panya zina vipokezi vya homoni ya aina hii. Ikigusa hapo, amri ya kutoa nyingine inasitishwa. Ni kama boya la tangi la maji: maji yenyewe yakipanda ndiyo yanayolinyanyua boya na kuyafunga. Shida huja boya linapokwama. Simba humfukuza punda milia kwa dakika chache, na mambo yakaisha kwa njia moja au nyingine. Kodi ya nyumba, mume mlevi na kibarua kisicho na mkataba havina mwisho wa namna hiyo. Kotisoli ikikaa juu kwa miezi, sukari na shinikizo la damu hupanda, usingizi hukatika, kinga hupungua, na hipokampasi yenyewe, ambayo ndiyo ilipaswa kusema basi, hudhoofika. Hans Selye aliona sura ya uharibifu huo kwa panya wake wa Montreal mwaka 1936: adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi imesinyaa, tumbo lina vidonda, iwe panya kateswa kwa baridi, kwa sumu au kwa kisu.

Sasa turudi kwenye jadi, tuanze na ile inayotisha. Walter Cannon wa Harvard ndiye aliyeeleza, katika kitabu cha mwaka 1915, jinsi adrenalini inavyomwandaa mnyama kupigana au kukimbia. Mwaka 1942, akiwa mzee, alichapisha makala katika jarida la wanaanthropolojia juu ya watu wanaokufa kwa kurogwa. Alikusanya simulizi za wasafiri, wamisionari na madaktari kutoka Australia, Afrika, visiwa vya Pasifiki na Haiti, akauliza kama hofu peke yake inaweza kuua mwili usio na jeraha. Akajibu kwamba inaweza, kwa mfumo uleule wa adrenalini ukiachwa uwake bila kukoma. Cannon hakuwaona wagonjwa hao kwa macho yake, na harufu ya ukoloni katika baadhi ya simulizi zile ni kali. Hata hivyo aliona jambo ambalo wengi waliomnukuu walilipita haraka: mtu akishatangazwa kwamba amerogwa, jamaa zake humtenga, humtazama kama maiti, kisha hurudi kumfanyia matanga angali hai. Mwaka 1982 Harry Eastwell, daktari wa akili aliyefanya kazi Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, aliongeza la kusikitisha zaidi: watu hao walikuwa hawapewi maji. Kiu ilikuwa na sehemu yake katika kifo. Ukiwasoma Cannon na Eastwell pamoja, unaona kwamba maneno ya mchawi ni mwanzo tu. Kinachomaliza ni watu kuondoka.

Jadi ya tiba ya Kiislamu ilitafuta kizimio mahali pengine, ndani ya akili ya mgonjwa mwenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh katika Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, akiwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuhangaikia mwili na kuisahau nafsi wakati kila kimoja humwambukiza mwenzake. Aligawa huzuni sehemu mbili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyojulikana sababu, ambayo aliihusisha na hali ya damu mwilini. Madaktari wa Ulaya walichukua karne nyingi kufika hapo. Na ushauri wake ni wa kiutu mno: kama mtu mzima wa afya anavyoweka dawa nyumbani akihofia ugonjwa wa ghafla, aweke pia fikra njema alizoziandaa siku za utulivu, azitumie hofu au hasira ikimvamia.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipenda zaidi kupima. Katika kitabu chake cha tiba, Qanun, anaeleza namna ya kumgundua mtu anayeugua mapenzi na kuyaficha: mshike mshipa wa mkono, mtajie majina na sifa za watu mmoja mmoja, mpaka mapigo yabadilike. Tabibu Galen alikuwa amesimulia kisa cha namna hiyo kutoka Roma ya karne ya 2. Hiyo ni adrenalini inayosomwa kwa ncha za vidole, karibu miaka 900 kabla ya mkemia Jokichi Takamine kuitenga ikiwa safi mwaka 1901. Elimu ya mizaji ambayo matabibu hawa waliifuata, ya joto na baridi, ukavu na unyevu, ilifika hadi kwetu pwani, na bado inasikika wazee wanapokataza chakula cha baridi kwa mzazi au cha moto kwa mwenye hasira.

Balkhi namvulia kofia, ila tiba yake ina ugumu mmoja. Noradrenalini ikimwagika kwa wingi, sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima hoja na kupanga mambo, ndiyo ya mwanzo kupoteza nguvu. Aliyeshikwa na hofu hawezi kujihubiria. Inaelekea Balkhi aliliona hilo, ndiyo maana akataka fikra ziandaliwe mapema. Njia ya pumzi huukwepa ugumu huo, kwa kuwa pumzi haihitaji hoja. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake waliwapima watu 23 wakisoma rozari kwa Kilatini na wakirudia mantra ya Kibudha. Sala zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, na katika mwendo huo mfumo wa neva unaodhibiti moyo na shinikizo la damu ulifanya kazi vizuri zaidi. Tasbihi haikupimwa katika utafiti ule, kwa hiyo nisiisemee. Lakini aliyewahi kukaa pembeni ya halaka ya dhikri akasikiliza pumzi za watu ana haki ya kuuliza kwa nini haikupimwa.

Fikra za Balkhi na pumzi ya mtawa zina jambo moja zinaloshirikiana na kidonge cha hospitali: zote zinamkabidhi mtu mmoja kazi ya kujituliza mwenyewe. Valium iliingia sokoni Marekani mwaka 1963. Inaipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza neva, iitwayo GABA, na inafanya hivyo upesi. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1982 ndiyo dawa iliyouzwa kuliko zote nchini humo, nyingi ikiandikiwa akina mama wa nyumbani, na miaka mingi ikapita kabla ya kukubaliwa kwa sauti kwamba kuiacha ni kazi. Sisemi kidonge hakifai. Mwenye kifafa kisichokoma huokolewa na dawa hiyohiyo ikidungwa kwa sindano. Nasema tu kwamba hata jadi inayojiita ya kisayansi ilichelewa kuuliza mwanamke yule alikuwa anaogopa nini, na nyumbani alikuwa na nani.

Ushahidi mzito zaidi juu ya swali hilo umetoka Masai Mara. Tangu mwaka 1978 Robert Sapolsky, Mmarekani, alikuwa akija Kenya mwaka baada ya mwaka kuvizia nyani kwa mrija wa kupulizia vishale vya dawa ya usingizi, ili achukue damu yao kabla mshtuko wa kudungwa haujabadili homoni. Nyani wa Mara hushiba kwa saa chache, na muda unaobaki hawana shughuli isipokuwa kusumbuana. Kwa hilo wanatufanana kuliko punda milia. Alikuta kwamba kundi likiwa tulivu, madume wa ngazi ya chini wana kotisoli nyingi hata wanapopumzika. Lakini cheo hakikueleza yote. Dume anayechambuana manyoya na wenzake, anayekaa karibu na majike na watoto, alikuwa na kotisoli ndogo kuliko mpweke wa cheo kilekile. Tena ukubwa una gharama yake: huko Amboseli, ambako nyani wanafuatiliwa tangu mwaka 1971, utafiti wa madume 125 uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba dume kiongozi ana homoni za msongo nyingi kuliko wa pili wake.

Katikati ya miaka ya 1980 kundi mojawapo la Sapolsky likapatwa na mkasa. Madume wake wakorofi walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, na nyama yenye kifua kikuu ikawaua. Karibu nusu ya madume wa kundi walikufa, na waliokufa ndio waliokuwa wagomvi. Waliobaki ni wapole, na majike wakawa wengi kuliko wao. Kundi likageuka. Kuchambuana manyoya kukaongezeka, wakubwa wakapunguza kuwaonea wadogo, na madume wa chini hawakuonyesha tena katika damu yao alama za msongo zilizozoeleka. Sapolsky na Lisa Share walipochapisha habari hizo mwaka 2004, madume wote waliokuwapo wakati wa mkasa walikuwa wamekufa au kuhama zamani, nafasi zao zikachukuliwa na wageni waliozaliwa katika makundi ya kawaida, yenye ugomvi wake. Tabia ya upole ilikuwa imebaki. Wageni walipokewa vizuri, nao wakajifunza. Hakuna aliyewapa dawa, wala hoja, wala zoezi la pumzi.

Kwa binadamu kipimo ni kigumu zaidi, ila si kwamba hakuna. Mwaka 2006 James Coan wa Chuo Kikuu cha Virginia aliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya picha za ubongo na kuwatishia shoti ya umeme kwenye kifundo cha mguu. Wakishika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazoshughulikia tishio zilipoa. Mkono wa mtu baki ulisaidia kidogo tu. Ndoa iliyokuwa njema zaidi ilipoza zaidi, mpaka kwenye haipothalamasi, mahali penyewe ambako amri ya kotisoli huanzia.

Harare walifika hapohapo bila mashine. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wa akili wachache wa Zimbabwe, alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare kuwafundisha wanawake wazee kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Washona huulalamikia msongo wa namna hii kwa jina lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Bibi husikiliza mpaka yote yatoke, kisha wawili hao huchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kwanza inayowezekana wiki hiyo. Jaribio la watu 573 lililochapishwa katika jarida la JAMA Desemba 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili pungufu sana kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati. Mpango huo umeshafika Malawi na Zanzibar. Ajabu yake kwangu ni kwamba hautangazwi kuwa tiba ya asili wala ya Kizungu. Dodoso limo, mafunzo yamo, na bibi yumo.

Na ngoma ya pepo ya pwani je? Ukiacha imani yenyewe pembeni, mpangilio wake ni wa busara. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke, anaitwa kiti; pepo ndiye anayesema. Anadai nguo, pete, marashi, anataja aliyemwudhi, na mume aliyekuwa hasikilizi analazimika kusikiliza mbele ya watu. I. M. Lewis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliona katika mambo ya namna hii, mwaka 1971, sauti ya wanyonge wasio na jukwaa jingine. Mimi naona pia usiku mzima ambao mtu aliyeelemewa hakuachwa peke yake. Matanga ni hivyohivyo: mikeka, vyungu vya wali, watu wanaolala ukumbini kwa mfiwa siku tatu, hata wasio na la kusema.

Lakini jadi hiyohiyo ina mkono wa pili, na hapo sifa zangu zinakoma. Mganga anayemtuliza mgonjwa leo ndiye kesho anayemtajia jirani aliyemroga. Neno hilo likitoka, hofu ya mgonjwa imepata sura ya mtu anayekutana naye kisimani kila asubuhi, na boya halitashuka wala kupanda tena kwa mpangilio. Aliyetajwa naye anatengwa, na tumeona Arnhem Land kutengwa kunafanya nini. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa tuhuma za macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka yote. Jadi inayoongeza hofu kijijini haiwezi kudai kuwa tiba ya hofu, hata kama ngoma yake ni nzuri namna gani.

Kwa hiyo nikiulizwa jadi ipi ina haki, nasema hospitali ina haki juu ya njia ambayo hofu hupita mwilini, na hakuna jadi nyingine inayoikaribia. Juu ya kinachoizima, imechelewa, na ndiyo kwanza inajifunza kwa nyani wa Mara na mabibi wa Mbare. Foleni zetu za kliniki za presha zinaweza kuanza kesho bila mashine mpya: mtu apimwe, apewe dawa yake, na aulizwe nyumbani anaishi na nani.

Na msomaji, jambo moja la haraka. Takotsubo na shambulio la kawaida la moyo havitofautishwi kwa macho, wala kwa mganga, wala kwa muuza duka la dawa. Vinahitaji kipimo cha umeme wa moyo, damu na picha. Mtu akipokea habari nzito kisha akashika kifua, msimwache alale akidhaniwa ana majonzi tu. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mmoja wenu abaki naye.